Danube ya Buluu: mwanakwaya, anzia kwenye solfa

Wanakwaya wangu wakisikia neno okestra hudhani ni mambo ya wenye suti. Kwa hiyo Danube ya Buluu, walzi (muziki wa dansi wa mapigo matatu) ya Johann Strauss Mwana, siwawekei kwanza. Naandika ubaoni: d d m s s (do do mi so so). Imba hivyo polepole kabla hujagusa simu, kisha jijibu kwa sauti ya juu: s s, m m. Umeshaushika wimbo wenyewe, tena kwa njia yake halali, maana ulitungiwa kwaya ya wanaume.

Kabla ya kusikiliza, ujue pia watu wa Vienna, mji mkuu wa Austria, walikuwa katika hali gani. Julai 1866 Austria ilichapwa vibaya na Prussia huko Königgrätz. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Februari 1867, kwaya ikasimama katika ukumbi wa Dianabad, Vienna, na maneno ya mzaha ya Josef Weyl, mtumishi wa polisi: watu wa Vienna wanaambiwa wafurahi, wengine wanauliza, "Kwa nini?" Nami ningeuliza hivyo hivyo.

Sasa weka rekodi. Mwanzoni fidla zinatetemeka chinichini na baragumu linaleta d m s yako taratibu. Usiruke hapo! Ukiruka, walzi ikiingia itakukuta hujaingojea. Zinafuata walzi tano zilizounganishwa. Ukipotea katikati tulia, wimbo wa kwanza utarudi mwishoni. Kanyaga pigo la kwanza tu. Ukipiga makofi ya moja-mbili-tatu yaliyo sawasawa utagombana na okestra, kwa sababu wapigaji wa Vienna huliwahisha kidogo pigo la pili.

Usiku ule wa kwanza watu waliomba irudiwe mara moja tu, idadi ndogo kwa mtu kama Strauss. Mwaka huohuo akaipeleka Paris, wakati wa Maonyesho ya Dunia, bila waimbaji, na huko ndiko ilikowaka. Hata mtunzi Brahms, ambaye muziki wake si wa kuchezea dansi, aliandika nota za mwanzo za walzi hii kwenye upepeo wa mkononi wa mwanamke wa familia ya Strauss, na chini yake: kwa bahati mbaya, si wa Johannes Brahms. Sifa kubwa kuliko hiyo sijaisikia kwa mtunzi juu ya mwenzake.

Tafuta rekodi ya okestra na ya kwaya pia. Ukiitazama tarehe 1 Januari katika tamasha la okestra ya Vienna Philharmonic, fidla zitaanza, watu watapiga makofi, muziki utakatika. Usidhani wamekosea. Kiongozi anageuka kuwatakia heri ya mwaka mpya, kisha wanaanza upya.