Laptopu mpya, herufi "a" mbovu: fanya haya kabla bisibisi haijaigusa

Mzee mmoja kutoka Matombo ndiye aliyeniambia kwamba kibodi yangu mpya ni mbovu. Alikuja hapa Morogoro mjini, kwenye steshenari yangu, nimchapie malalamiko ya kupeleka Baraza la Kata: jirani yake kamkatia michungwa minne iliyokuwa mpakani. Nikachapa, nikatoa nakala, nikampa asome kabla hajaweka dole gumba. Akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Mstari wa tatu akasimama. "Mwanangu, hapa umesema jirani alikataa michungwa yangu. Huyu hakukataa kitu. Alikata."

Nikatazama, kweli. Na juu, kwenye anuani, palisomeka "Baraza la Kataa".

Laptopu ilikuwa na siku tatu tu tangu niitoe dukani Kariakoo kwa shilingi 1,150,000, pesa niliyoidunduliza miezi saba. Kwa kazi yangu ubovu wa namna hii ni mbaya kuliko kitufe kilichokufa kabisa. Kitufe kikifa unakijua hapo hapo. Hiki kilikuwa kinatoa "a" mbili mara moja moja, na Kiswahili kina maneno mengi ambayo "a" ikizidi yanabaki maneno halali yenye maana nyingine: kata na kataa, kufa na kufaa, kanga na kaanga. Programu ya kusahihisha tahajia haiwezi kukushtua, maana yote mawili inayajua. Kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye riziki yake inatoka kwenye vidole, kanunua mashine mpya, na moyo umeanza kumwambia kuna kitu hakiko sawa.

Kwanza kabisa, usifungue kitu. Usikichokonoe kitufe kwa kucha, usitie spiriti, wala usiipeleke kwa fundi wa jirani hata kama ni mtu mwaminifu. Mimi nina fundi wangu mtaani, mwaka wa kumi huu ananitengenezea printa, namheshimu sana. Siku ile nilimsalimu mlangoni nikapita. Nguvu ya mwenye mashine mpya iko kwenye skrubu ambazo hazijaguswa. Bisibisi ikishapita pale, muuzaji ana neno la kusema, na neno lake litasimama.

Halafu hakikisha kwamba si mipangilio tu, usije ukasafiri bure. Herufi J, K, L, U, I na O zikitoa namba, hapo Num Lock imewaka. Kwenye kibodi ndogo huzimwa kwa kushika Fn na kubonyeza NumLk. Ukibonyeza alama ya @ ikatoka alama ya kunukuu, kibodi imewekwa ya Uingereza wakati vitufe vyako ni vya Marekani, au kinyume chake. Shika kitufe cha Windows, bonyeza kile kirefu cha kuacha nafasi, uchague nyingine. Na kama herufi haitoki mpaka uishikilie kidogo, tazama Filter Keys kwenye Mipangilio, sehemu ya Accessibility. Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8, kompyuta huuliza kama iiwashe, na mtu anayechapa haraka hukubali bila kusoma.

Kama si hayo, chukua daftari na kalamu. Fungua Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, bonyeza herufi moja mara 20 kwa mwendo wako wa kawaida wa kazi, kisha hesabu zilizotoka. Andika. Rudia mara tatu, ukianza na herufi unayoishuku, halafu zote zilizobaki, halafu namba, mishale, Backspace, Enter, na Shift zote mbili, maana watu wengi hupima ya kushoto tu. Pima chaja ikiwa imechomekwa, pima tena ikiwa imechomolewa. Yangu "a" ilitoa 23, mara ya pili 21, mara ya tatu 24. Herufi nyingine zote zilitoa 20. Kuanzia hapo sikuwa tena na hisia mkononi, nilikuwa na hesabu.

Sasa chomeka kibodi ya nje ya USB, azima hata kwa jirani, urudie. Yangu ilitoa "a" 20 kila mara. Maana yake Windows ni nzima. Kwa uhakika zaidi nikaiwasha laptopu kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo mwingine usio Windows, ambao huwaka bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski, nikafungua sehemu ya kuandikia: "a" ikaendelea kujirudia. Mifumo miwili tofauti ikitoa kosa lile lile, basi ugonjwa uko kwenye kibodi yenyewe, na hakuna muuzaji atakayekuambia uweke Windows upya. Kama huna flashi ya namna hiyo, kampuni kubwa huweka vipimo vinavyofunguka kabla ya Windows kuwaka. Kwenye HP bonyeza Esc mara tu unapowasha, kisha F2. Kwenye Dell ni F12, kisha chagua Diagnostics. Vipimo hivyo ni vizuri zaidi kwa kitufe kilichokufa kuliko kinachojirudia, lakini ni ushahidi ambao muuzaji anauheshimu kwa sababu umetoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

Nieleze kidogo kinachotokea mle ndani, kwa sababu ukikielewa hutayumbishwa kwa maneno. Chini ya kila kitufe kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na katikati yake kikombe kidogo cha mpira. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea na kugandamiza karatasi laini za plastiki zenye njia za umeme. Njia ya juu inagusa ya chini, herufi inahesabiwa. Mguso huo hautulii mara moja, unadundadunda kwa muda mfupi mno, na kibodi imeundwa ingoje kidogo ili mdundo usihesabiwe mara mbili. Kikombe kikikaa upande, au punje ya uchafu ikiingia kiwandani, mdundo unarefuka kupita muda huo, nawe unapata "aa". Ndiyo maana kumwambia mtu "bonyeza taratibu" si dawa. Na hata kampuni kubwa hukosea hapa: Apple iliweka kibodi nyembamba za aina ya kipepeo kwenye MacBook kuanzia 2015, herufi zikawa zinajirudia au hazitoki, mwaka 2018 ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja Marekani.

Ukishakuwa na hesabu, piga video moja isiyokatwa. Anza na namba ya mashine iliyoko kwenye lebo ya chini, onyesha kwamba ni ile ile ya kwenye boksi, kisha geuza, washa, bonyeza mara 20 huku ukihesabu kwa sauti, halafu sogeza simu karibu na skrini. Yangu ilikuwa ya dakika mbili na nusu. Ingia pia kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika namba hiyo, uone waranti ilianza lini. Usiruke hatua hii. Waranti ikionyesha ilianza miaka miwili nyuma, una kesi nyingine kubwa kuliko kibodi: umeuziwa mashine iliyokwishatumika kwa bei ya mpya. Amri ya powercfg /batteryreport nayo hutoa ripoti ya betri, na kwenye mashine nyingi inaonyesha imechajiwa mizunguko mingapi.

Mimi niligundua Jumatano na nisingeweza kufunga ofisi mpaka Jumamosi. Kama nawe umebanwa hivyo, na huna kibodi ya nje, iko njia ambayo sisi tunaochapa Kiswahili tumejaliwa. Lugha yetu haina Q wala X, na Q imekaa juu ya A kabisa. Microsoft wanatoa bure programu inaitwa PowerToys. Ndani yake kuna Keyboard Manager, ukaagize Q iwe inatoa A. Kidole kidogo cha kushoto kilijifunza kupanda ngazi moja ndani ya saa moja, na barua zote za siku mbili zile zilitoka safi. Kumbuka tu kwamba badiliko hilo halifanyi kazi kwenye ukurasa wa kuingilia, kabla hujaandika neno la siri. Hapo tumia kibodi ya kwenye skrini, kwenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Na ifute programu hiyo kabla ya kurudisha mashine, muuzaji asije akakuambia umevuruga mwenyewe.

Jumamosi nikapanda treni ya asubuhi kwenda Dar es Salaam na boksi lake, sponji zake za kukingia, chaja, na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Risiti hiyo idai siku ya kununua hata ukiahidiwa punguzo ukiikubali mashine bila risiti, na mwombe muuzaji aandike nyuma yake namba ya mashine na kugonga muhuri. Kijana wa kaunta alinipokea vizuri. Nikamwambia, "Kaka, sijaja kugombana. Bonyeza 'a' hii mara ishirini, tuhesabu wote." Alibonyeza. Zikatoka 22. Akabonyeza tena yeye mwenyewe, akaanza kukuna kichwa.

"Dada, tutakubadilishia kibodi, uje Jumanne."

Hapo ndipo wengi hukubali, nami nakusihi usikubali mashine ikiwa na siku chache tu. Kwenye laptopu nyembamba za siku hizi, kibodi mara nyingi imebanwa kwenye gamba la juu kwa vijiti vingi vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Kuitoa ni kuvikata vyote, na ikirudishwa haishiki tena kama mwanzo. Vitufe vya katikati huanza kubonyea. Nilimwambia nimenunua mashine mpya, sikununua mashine iliyofunguliwa, na naomba nyingine ya aina ile ile. Akanyoosha kidole kwenye maandishi yaliyochapwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamjibu kwa upole kwamba sirudishi mali kwa sababu nimebadili mawazo, nairudisha kwa sababu ni mbovu, na kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Sikupandisha sauti. Nilimwomba tu aniitie mwenye duka, na kama hapana, aandike kwa mkono wake kwamba amekataa. Kukataa kwa maandishi ni kugumu kuliko kukataa kwa mdomo.

Mwenye duka, mama wa makamo, alitazama video mpaka mwisho bila kusema neno, akaenda stoo akarudi na boksi jipya.

Usiondoke kaunta hapo. Mashine mpya inapowaka mara ya kwanza hutaka jina na Wi-Fi, na wauzaji hupenda ukamalizie nyumbani. Kwenye kurasa zile za mwanzo za Windows bonyeza Shift na F10 pamoja, kwenye baadhi ya mashine uongeze Fn. Mara nyingi litafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika notepad, bonyeza Enter, na una karatasi nyeupe ya kupimia kabla ya kuweka chochote. Nilipima herufi zote, namba zote, Shift zote mbili, nimesimama pale dakika kumi na tano huku wateja wengine wakinipisha. "A" ishirini kwa ishirini, mara tatu. Kijana akaandika namba mpya ya mashine nyuma ya risiti, akafuta ya zamani, akagonga muhuri juu ya zote mbili.

Jumatatu mzee wa Matombo alirudi kuchukua nakala ya pili ya malalamiko yake. Nilimtolea kwenye mashine mpya, akasoma tena kwa kidole, akafika mstari wa tatu, akaendelea.