Jinsi ya kuandaa Simfoni ya 1 ya Brahms kwa mtindo wa zama zake, na ala zenu hizohizo

Kila nikisema tunapiga muziki wa Brahms, yule mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, kizamani watu wanadhani lazima uwe na nyuzi za utumbo wa kondoo, honi zisizo na valvu na mfuko wa kununulia vyote hivyo. Wala. Mi napiga fidla ya pili kwenye okestra ya watu wa kawaida huku Ujerumani, kuna daktari wa meno, walimu, na mzee mmoja alikuwa dereva wa treni sasa kastaafu anapiga besi, na juzijuzi nikapewa kazi ya kuongoza mazoezi ya ala za nyuzi peke yake kabla kondakta hajatuchukua. Ala zote za kisasa. Nawapa tulivyofanya, na tulipoharibu pia. Simfoni yenyewe ni ya kwanza, C maina, opus (yani kazi namba) 68.

Hatua ya 1: hesabu watu

Ilipigwa mara ya kwanza Karlsruhe, tarehe 4 Novemba 1876, kondakta Otto Dessoff, na okestra ya pale haikuwa jeshi. Ile ya Meiningen, mji mwingine wa Ujerumani, ambayo Brahms alifanya nayo kazi sana miaka ya 1880 ilikuwa na watu kama 49 tu jumla. Vienna nako waliipiga kazi yake na wapiga nyuzi wengi zaidi na hatusikii kwamba aligoma, kwahiyo asikudanganye mtu kwamba kuna idadi moja takatifu. Ila mkiwa wachache msihangaike kuazima watu. Sisi tulikuwa fidla 8 za kwanza, 8 za pili, viola 5, chelo 5, besi 3, na kwa mara ya kwanza nikasikia fagoti, ile ala nene ya kupuliza, inasema nini, manake siku zote inafunikwa na sisi.

Hatua ya 2: hamisheni viti

Fidla ya kwanza kushoto kwa kondakta, fidla ya pili kulia, mtazamane. Ndio ilikuwa kawaida Ulaya kipindi hicho, huu mtindo wa fidla zote kurundikana upande mmoja umekuja kushika kasi karne ya 20. Mkikaa hivi, mistari ambayo fidla mbili zinarushiana inasikika ikivuka jukwaa. Ubaya ni kwamba sisi wa pili matundu ya fidla yanaangalia nyuma, sauti inapotea, kwahiyo geuza viti kidogo na uwaambie watu wako wapige kwa kujiamini, wasijifiche. Wiki mbili za kwanza mtakosana sana kwenye kuanza pamoja. Itapita.

Hatua ya 3: mkono wa kushoto utulie (hapa ndo tuliharibu)

Siku ya kwanza nilisimama nikatangaza: hakuna vibrato (kule kutikisa kidole juu ya waya ili sauti itetemeke), hata kidogo. Nilijiona mjuzi kweli. Wakatii, na ikatoka sauti kama friji ya zamani inanguruma, imekufa kabisa, mwalimu mmoja wa viola akaniuliza kwa upole kama huyo Brahms alikuwa anawachukia binadamu. Nikarudi nyumbani nikasoma upya. Joseph Joachim, rafiki wa Brahms na ndo mpiga fidla ambaye Brahms alimsikiliza kuliko wote, kitabu chake cha mafunzo alichokitoa na Andreas Moser mwaka 1905 hakikatazi vibrato, kinakataza kuiweka kila mahali kama mazoea. Na bahati nzuri Joachim alirekodiwa mwaka 1903 akiwa mzee, unasikia mwenyewe: noti nyingi zimenyooka, halafu noti moja inayobeba hisia inatikisika kidogo. Ni kama pilipili, hakuna aliyesema usile, ila huipakii kwenye chai.

Zoezi tulilotumia ni mwanzo wenyewe wa simfoni. Timpani (ngoma kubwa za okestra) na besi zinagonga C ileile bila kuchoka, fidla na chelo zinapanda nusu toni kwa nusu toni, filimbi na obo na viola zinashuka upande wa pili. Pigeni ule mstari unaopanda bila vibrato kabisa, polepole, na kila mtu aongeze nguvu kwa upinde peke yake: uzito zaidi, spidi zaidi, usogee karibu na daraja. Rudieni hata mara tano. Mkishajua kwamba upinde unaweza kuimba wenyewe, ndo mruhusu mkono wa kushoto utikise noti za kilele, mbili tatu tu. Ukifanya kinyume, yani uanze na vibrato halafu uipunguze, watu wanabaki na pengo na hawajui walijaze na nini.

Hatua ya 4: kuteleza

Hii watu wanaiogopa kuliko zote. Zama za Brahms kuhamisha mkono kutoka noti kwenda noti ilisikika, kidole kinateleza na sauti inateleza nacho, hasa kwenye noti mbili zilizofungwa kwa upinde mmoja. Leo ukifanya hivo unaambiwa mchafu. Kwa sisi tuliokua na taarab masikioni hili halipaswi kuwa geni, msikilize mpiga fidla wa Unguja anavyoikokota noti mpaka ikubali. Sio kitu kilekile lakini, usije ukampigia Brahms mapambo ya taarab halafu ukaniweka mimi shahidi. Kwa Brahms teleza mara chache, kwenye miruko mipana ya melodi, na kila anayeteleza ateleze kwa wakati wake, msikubaliane wote sekunde ileile manake itasikika kama king'ora. Mahali pazuri pa kuanzia ni muvumenti (sehemu) ya pili ya simfoni, Andante sostenuto, fidla za kwanza zina mistari mirefu pale inayoomba kabisa.

Hatua ya 5: tempo, yani mwendo, na hapa kaa muda mrefu

Wengi wanaopiga kizamani wanafanya kosa moja, wanadhani kizamani maana yake ni haraka na sawasawa kama cherehani. Brahms hakuandika namba za metronomu, kile kifaa cha kupimia mwendo, kwenye simfoni hii hata moja. Alipomtumia Joachim simfoni ya nne mwaka 1886 alichora kwa penseli sehemu za kusukuma na za kurudisha tempo, akaeleza kwamba alama hizo zinasaidia kazi ikiwa bado ngeni kwa wanamuziki, wakishaizoea hazihitajiki tena. Fritz Steinbach, kondakta aliyeishika okestra ya Meiningen kuanzia 1886, alikuwa na alama zake nyingi za namna hiyo na mwanafunzi wake Walter Blume akazichapisha mwaka 1933. Ila Felix Weingartner, kondakta mwingine ambaye Brahms alimsikia mwaka 1895 na akampenda sana, rekodi zake za baadaye zimenyooka zaidi. Mashahidi wawili, kila mmoja na lake, kwahiyo kazi ya kuamua inarudi kwenu.

Sisi tuliamua hivi. Utangulizi wa muvumenti ya kwanza umeandikwa Un poco sostenuto (mwendo ulioshikiliwa kidogo), sio Adagio (polepole), kwahiyo usiubebe kama jeneza. Kumbuka pia Clara Schumann, mpiga piano na rafiki mkubwa wa Brahms, alipoonyeshwa muvumenti hii mwaka 1862 utangulizi haukuwepo, uliongezwa baadaye, na mwisho wa muvumenti ule mwendo unarudi chini ya neno Meno allegro, yani Allegro (mwendo wa haraka) iliyopungua tu, basi. Jaribu mwanzo kwa tempo ambayo mwisho wake hautashtua mtu.

Halafu zile alama ndogo za mkasi, unaofunguka na kufunga hapohapo juu ya noti chache. Usizisome kama sauti peke yake. Fanny Davies, mwanafunzi wa Clara aliyemsikia Brahms akipiga, alieleza kwamba alama ile ilikuwa ya joto la moyo na iligusa mwendo pia, Brahms alikuwa anachelewa kwenye wazo zima, kama mtu ambaye hataki kuondoka mahali pazuri. Kwahiyo pale panua kidogo, halafu rudi.

Na tulivyokuwa wakarimu hivo wa kupanua, kwenye mwisho kabisa wa simfoni, Più allegro (haraka zaidi), ile korale, yani wimbo wa mtindo wa kanisani, ya tromboni ikirudi kwa nguvu zote na kila kondakta anavuta breki, sisi hatukuvuta. Skoa (karatasi yenye sehemu za ala zote) haina amri ya kupunguza pale. Ilitisha, tukaanguka mara mbili mazoezini, lakini ikisimama hutatamani tena ile nyingine.

Hatua ya 6: honi na timpani, haraka haraka

Waambie wa timpani watumie vijiti vigumu, vya kisasa vyenye manyoya mengi vinafanya ile C ya mwanzo iwe ukungu. Wa honi wabaki na honi zao za valvu, ila ile sauti ya alpuhorni, pembe ndefu ya wachungaji wa milima ya Alps, kwenye muvumenti ya nne waipige wazi bila urembo, ni wimbo ambao Brahms alimtumia Clara kama salamu za birthday Septemba 1868. Na honi ya kwanza na ya pili zipokezane kama ilivyoandikwa, asijitie mmoja kupiga yote, ile kupokezana ndo inawapa pumzi bila noti ndefu kukatika.

Hatua ya 7: penseli na ufutio

Kila mlichokubaliana kwenye tempo andikeni kwa penseli, sio peni. Mazoezi ya mwisho kabisa niligawa ufutio tukafuta karibu kila kitu, manake Brahms alimwambia Joachim kwamba wakishaizoea hazihitajiki. Mzee wa treni alikataa kufuta, akasema yeye miaka 40 hajawahi kuondoa alama njiani, na siku ya konseti ni yeye peke yake hakuchelewa kwenye Meno allegro.