Ukitaka kujitolea kwenye uokoaji mlimani, anzia hapa Moshi

Msimu wa wageni ukikaribia, kuanzia Juni hivi, vijana wananipigia simu: "Kaka, shikamoo, nataka kuingia uokoaji, nifanyeje?" Nimeanza kama mpagazi, sasa naongoza wageni, na nikiwa chini nipo kwenye kikundi cha kujitolea. Majibu ninayowapa kwenye simu nayaandika hapa.

Kwanza ujue nani mwenye kazi. Ndani ya hifadhi, uokoaji uko chini ya KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Askari wa hifadhi ndio wanaopokea taarifa na ndio wanaotoa amri. Huwezi kupita getini Machame kwa sababu umesikia mtu amezidiwa kule juu kambi ya Barafu. Sisi tunaongeza mikono tukiitwa, tusipoitwa tunakaa nyumbani. Kazi nyingine iko nje ya mpaka wa hifadhi, huku Kibosho, Old Moshi, Marangu: mzee ametoka shambani hakurudi, mtoto amefuata majani ya ng'ombe korongoni na giza limeingia. Huko mwenyekiti wa kijiji na polisi ndio wanaoanza, na Zimamoto na Uokoaji wanapigiwa 114. Kijana anayetaka mlima tu, asiyetaka korongo la kijijini kwao, mimi huwa simpokei kwa haraka.

Kabla ya kutafuta kikundi, soma huduma ya kwanza. Ulizia tawi la Msalaba Mwekundu la mkoa, jiunge, omba mafunzo, na ukishapata cheti endelea kufanya mazoezi, maana mikono husahau upesi. Halafu tafuta maguide wanaokufahamu tabia, wakutambulishe. Mtu akikuomba fedha ili akuingize kwenye "timu ya uokoaji", muache na fedha yako ibaki mfukoni.

Sasa kiini cha kazi yenyewe. Watu wanafikiri tunashuka na kamba kwenye majabali. Wagonjwa wengi tunaowashusha Kilimanjaro hawajaanguka popote, wamezidiwa na urefu wa mlima. Pale Uhuru, mita 5,895, oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile ya pwani. Kichwa kikiuma na chakula hakipiti, mtu asipande tena mpaka apate nafuu. Akianza kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka, ubongo unavimba. Akihema akiwa amekaa, midomo imebadilika rangi, anakohoa povu, maji yameingia kwenye mapafu. Hao wawili dawa yao ni kushuka, na kushuka ni saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na mvua inanyesha. Oksijeni ya mtungi na vidonge vinakununulia muda wa kushuka tu.

Ukiwa na shaka, mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kama kumi. Aliyechoka atatembea polepole lakini atafika. Mwenye ubongo uliovimba atatoka nje ya mstari au atashika bega lako. Usimuulize "uko sawa?" maana kila mtu hujibu yuko sawa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kuhusu wapagazi. Mgeni akiumwa, kuna guide pembeni yake anayemwangalia kila asubuhi. Mpagazi anaficha. Anajua akishushwa siku ya pili ujira na tipu vinaweza kupungua, kwa hiyo anafunga mzigo wake na kuendelea kupanda, amevaa sweta la mtumba lililolowa tangu msituni. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa mpagazi, lakini kanuni haimpi koti. Hili linaniuma sana. Ukijitolea, pita kwenye hema la wapagazi kama unavyopita kwenye hema la wageni, waangalie usoni, uliza nani hajala. Hao ni kaka zetu, na maisha yao yana uzito uleule.

Machela ina namna yake. Ile ya gurudumu moja inateleza vizuri kutoka kambi ya Kibo kwenda kambi ya Horombo, kwenye tambarare ya Saddle, ila kwenye mawe ya njia ya Mweka gurudumu linaruka na mgonjwa anapata taabu, kwa hiyo mnainua. Wanabeba sita, wengine wanatembea pembeni wakisubiri zamu, na mnabadilishana kabla mtu hajachoka kabisa. Anayeamuru ni mmoja: "Tayari? Inua." Wa mbele anataja kila kitu: "Jiwe kushoto! Ngazi! Utelezi!" Mkishuka, miguu ya mgonjwa inatangulia ili kichwa kibaki juu. Mmoja hashiki chochote, anatembea karibu na kichwa, anaangalia uso na kuongea naye. Kama mgonjwa ni mgeni, Kiingereza cha kawaida kinatosha. Kama ni mpagazi wa Rombo, mwite kwa jina lake. Kabla hamjafunga mikanda, weka godoro au mablanketi chini ya mgongo. Watu humfunika juu vizuri na kusahau kwamba baridi inamwingia kutoka chini, kwenye machela yenyewe.

Kutafuta aliyepotea ni kazi ya masikio zaidi. Ulizeni familia amevaa viatu gani, rangi ya nguo, ana simu, anatumia dawa yoyote. Pale alipoonekana mara ya mwisho pasikanyagwe ovyo, na mtu mmoja abaki hapo. Msituni mnapanga mstari mkionana, mnaita kwa pamoja, kisha kimya dakika nzima. Kila mtu awe na filimbi: kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika, unapumzika dakika, unarudia. Kujibu ni milio mitatu.

Vifaa si lazima viwe vipya. Soko la Memorial ukichagua kwa subira utapata buti zinazoshika kifundo na koti la mvua. Jinzi acha nyumbani, ikilowa haikauki. Taa ya kichwa na betri za akiba zilizokaa karibu na mwili, glovu, soksi mbili kavu ndani ya mfuko wa nailoni, maji, glukosi.

Mwajiri wako ajue kwamba unaweza kuitwa, na mama au mke wako ajue uko na nani. Usimpige picha mgonjwa. Mtu akifariki, usiandike chochote kwenye kundi lolote la WhatsApp mpaka familia yake ipewe taarifa na wenye mamlaka, hata kama marafiki zako wanakuuliza. Na ukirudi usiku huo huwezi kulala, piga simu kwa mliyekuwa naye kwenye machela. Yeye pia atakuwa macho.