Kabla Hujanadi Kitu cha Lamu Mtandaoni, Tengeneza Jina

Mnunuzi aliye Ujerumani au Marekani anapoitazama kofia yako ya vito, ile ya nakshi za kushonwa, kwenye simu, hakujui. Hajui wewe ni mtoto wa nani, na hana mtu wa kumuuliza mtaani Mkomani kama kauli yako hutimia. Anachokiona ni namba iliyo pembeni mwa jina lako na maneno ya wateja waliokutangulia kukuamini. eBay, soko la mnada la mtandaoni, ilianza mwaka 1995, na Februari 1996 tayari ilikuwa imeweka nafasi ya wanunuzi na wauzaji kutoleana maoni, maana watu wasiojuana hawawezi kufanya biashara kwa muda mrefu bila ushahidi wa aina hiyo. Jina hilo lina bei yake. Mtafiti Paul Resnick na wenzake waliuza huko eBay postikadi za zamani kwa akaunti yenye sifa ya miaka mingi na kwa akaunti mpya, na katika utafiti waliouchapisha 2006 walikuta wanunuzi wako tayari kumlipa mwenye sifa takriban asilimia 8 zaidi kwa bidhaa ileile.

Kwa hiyo fundi au kijana wa hapa anayetaka kuuza nje asianze na kitu chake cha thamani kuliko vyote. Aanze kwa kununua vitu vidogo anavyovihitaji kweli na kuvilipia upesi, kwani maoni anayoachiwa kama mnunuzi nayo huingia kwenye hesabu ya akaunti. Kisha auze vya bei ndogo. Akaunti mpya hata hivyo huwekewa kikomo cha mauzo, na kikomo hicho hupanda kadiri mwenendo unavyoonekana mzuri.

Kabla ya picha, chunguza kama kitu chenyewe kinauzika kihalali. Hapa Lamu jambo hili lina uzito kuliko miji mingi, kwa sababu nyumba zetu zimejaa vya kale. Sheria ya Makavazi na Urithi ya Kenya ya 2006 inaulinda mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946, na kitu cha kale kilichotengenezwa kabla ya 1895 nacho hakitoki nchini bila kibali. Kiti cha enzi cha babu chenye vipande vya pembe ya ndovu kiache nyumbani: eBay ilipiga marufuku pembe za ndovu tangu Januari 2009. Gamba la ng'amba ni vivyo hivyo, biashara yake ya kimataifa imekatazwa. Mtu akiomba vitu hivi kwa ujumbe wa faragha na kuahidi pesa nyingi, mkatalie. Uza kazi ya mikono iliyo hai: sanduku jipya la nakshi, kofia, viatu vya ngozi vya kijiji cha Siyu.

Sasa maelezo ya bidhaa, na hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi. Nyota, yaani alama anazokupa mteja, hupotea zaidi pale mteja anapofungua boksi akakuta kisicho alichokisoma. Pima kofia kwa sentimita kuzunguka kichwa, kwa sababu namba zetu za dukani hazimfai mtu wa mbali. Sema wazi kama imeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Bei zake ni mbali mbali na anayejua ataona. Sanduku la mbao za mbambakofi lipige picha mchana, karibu na dirisha, pande zote sita pamoja na ndani, na kama lina ufa au kiraka, kipe picha yake peke yake na sentensi yake peke yake. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani ikifika kwenye nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi hukauka na kusinyaa. Tumia mbao iliyokaushwa vizuri, na mwambie mnunuzi mapema asiliweke karibu na kipasha joto. Mteja aliyeelezwa hayo kabla ya kulipa hatakuja kusema alidanganywa.

Halafu hesabu safari kuanzia Lamu, usianzie Mombasa. Nenda posta mwenyewe uulize mizigo huondoka siku gani, pima uzito ukiwa umeshafunga boksi, na uandike siku za kutuma kwa kuongeza nafasi. Mvua kubwa ikijaza Mto Tana, barabara ya upande wa Garsen huweza kukatika. Kama kazi husimama wakati wa Iddi au wiki ya Maulidi katika Mfungo Sita, weka akaunti yako likizo mapema. Lipia huduma yenye namba ya kufuatilia mzigo. Ukikosa namba hiyo huna cha kuonyesha mteja akidai hakikufika.

Malipo yako yatapitia wapi, kamilisha hayo kabla ya mnada kufunguliwa.

Kuna jambo moja la kulizungumza na jamaa zako. Watataka kukusaidia. Mtoto wa ami ataweka dau ili bei ipande, shemeji atanunua ili akupe nyota tano. Yote mawili ni udanganyifu kwa kanuni za minada ya mtandaoni, na akaunti hufungwa kwa ajili yake. Waombe kwa heshima wakae mbali na mnada wako.

Mnada wa eBay unaweza kudumu siku 1, 3, 5, 7 au 10. Ukitaka uishe Jumapili jioni kule California, saa 12, kwako itakuwa Jumatatu saa 10 au saa 11 alfajiri kutegemea majira yao. Kwa hiyo maswali ya dakika za mwisho yatakuja umelala. Yale yanayoulizwa kila mara yajibu ndani ya maelezo.

Lalamiko likija, jibu siku hiyohiyo kwa maneno machache, uliza picha, na ukikuta kosa ni lako rudisha pesa bila mnunuzi kusukumana nawe. Kwa kawaida ana siku 30 za kulalamika tangu mzigo ufike au tangu tarehe uliyokadiriwa kufika. Mpaka zipite, risiti ya posta isitupwe, na picha ulizopiga wakati wa kufunga boksi zisifutwe kwenye simu.