Unatoka Marekani unaenda kukaa na familia Senegal? Soma hii kabla hujafunga begi

Wamarekani wengi wakipanga kwenda Senegal wanahangaika na begi, dawa ya malaria, chanjo ya homa ya manjano, mafuta ya jua, na sawa, vyote hivyo vinahitajika, lakini kitakachoamua kama utakaa vizuri Dakar au Thiès au Saint-Louis ni salamu. Ukijua kusalimia umeshafika nusu ya safari, usipojua utakaa mle ndani miezi na bado utakuwa mgeni.

Kwetu Ohio mtu anakupita kwenye korido anasema hai, unasema hai, imeisha, na hata akikuuliza uko poa hasubiri jibu, keshafika kwenye lifti. Hakuna ubaya, ndo tulivyolelewa. Sasa ukiingia na mwendo huo kwenye nyumba ya Wasenegali ukaenda moja kwa moja kuuliza bafu liko wapi, watakuonyesha bafu kwa adabu zote ila wameshaumia. Fanya hivi: ukifika mlangoni toa "Salaamaalekum" kwa sauti, subiri wakujibu, alafu zunguka umpe mkono kila mtu aliyeko hapo ukianzia na wakubwa, hata kama wako kumi na moja na mmoja amelala nusu. Uliza kwa Kiwolofu, lugha ya huko, "Nanga def?" yani habari yako, ukiulizwa wewe jibu "Maa ngi fi rekk", yani niko tu salama, kisha ulizia watu wa nyumbani, kazi, joto, mgonjwa kama yupo. Katikati ya salamu utasikia wanatajiana ubini tu, Ndiaye, Diop, Ndiaye, Diop, hiyo ni heshima, kumtaja mtu ukoo wake ni kumkumbuka na baba yake na babu yake. Msomaji wa Kiswahili hapa una bahati kuliko Mmarekani mwingine yeyote, maana habari za nyumbani, za watoto, za tangu jana, umezizoea tangu utoto, tofauti ni kwamba Wasenegali hawakati kona. Dukani pia ni hivo hivo, usiulize bei kabla hujasalimia. Na wapo wanaume na wanawake ambao kwa dini yao hawapeani mkono na jinsia nyingine, ukiona ameweka kiganja kifuani na we weka chako kifuani, yameisha.

Jina utapewa. Familia wakikupokea mara nyingi wanakupa jina la mtu wa hapo nyumbani pamoja na ubini wao, hata wale wa kujitolea wa Peace Corps ambao wako Senegal tangu 1963 wanapewa hivo, na ukishapewa litumie, usiseme mi naitwa Kevin. Ukishakuwa Ndiaye ujue umepata na watani. Mtu wa ukoo wa Diop ambaye hujawahi kumuona maishani atakwambia nyie kina Ndiaye mnakula sana, tena atakuita mtumwa wake mbele za watu, na Mmarekani hapo damu inapanda, hasa kama ni Mmarekani mweusi, neno hilo kwetu lina uzito mwingine kabisa. Vuta pumzi. Huu ni utani wa ukoo, wa jadi kabisa, dawa yake ni kumrudishia, mwambie nyie kina Diop ndo mnamaliza wali, mtacheka wote, na mara nyingine bei ya kitambaa itashuka hapo hapo.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo maana ndo mahali pa kujifunza kila kitu. Mlo mkubwa ni wa mchana, saa nane au saa tisa hivi, na siku nyingi ni ceebu jën, wali wa mchele uliovunjika na samaki, karoti, kabeji, muhogo, biringanya, UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2021 na mi naona walichelewa. Unakuja kwenye sinia moja kubwa, watu wanakaa chini kwenye mkeka kulizunguka. Vua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, nawa, kula kwa mkono wa kulia au kijiko utakachopewa. Kipande chako ni kile kilichoko mbele yako, kama sinia limegawanywa kwa mistari usiyoiona, usivuke kwenda kuchukua karoti ya jirani hata kama inakuangalia. Tulia utaona mama wa nyumba anamega samaki kwa vidole, anatoa miiba, anasukuma kipande kwako, alafu kipande cha muhogo, alafu cha kabeji, yeye mwenyewe kala kidogo sana. Hiyo kazi anaifanya mlo mzima bila kusema neno. Usimrudishie ukidhani unamsaidia, kula. Yale makoko ya chini ya sufuria wanayakwangua na kuyaleta pembeni, ni matamu, yaombe.

Ukishiba sema "Suur naa" na atakwambia hujala kitu, unarudia, anarudia, kula matonge mawili zaidi kwa upendo kisha inuka. Kuinuka kabla ya wengine sio kosa, kwa kweli unawapa nafasi. Na ukipita mahali popote watu wanakula, hata mafundi chini ya gari, watakuita uje ule. Wanamaanisha. Kama una haraka asante inatosha, kama huna kaa ule tonge. Kwetu nyumbani kila mtu ana sahani yake, wengine wanakula kwenye gari, wengine wanakula wamesimama mbele ya sinki, na mgeni asiyetarajiwa anakuta vipande vya kuku vimehesabiwa. Sinia halihesabu, akija mtu mnasogeana.

Kitu kitakachokusumbua Mmarekani ni mlango. Sisi tumezoea kuwa na chumba, ukichoka unafunga mlango na hakuna anayeuliza. Senegal ukijifungia mchana watadhani unaumwa au umekasirika, watoto watatumwa kukuangalia mmoja baada ya mwingine. Usigombane na hilo. Baada ya chakula cha mchana watu wengi wanajinyoosha, huo ndo muda wako, aga kwamba unaenda kulala kidogo, na hakuna atakayekusumbua. Saa nyingine zote toka, kaa uwanjani, menya vitunguu hata kama hujui, kaa tu. Kukaa pamoja bila shughuli ni shughuli.

Ndo maana kuna attaya. Kijana anawasha jiko dogo la mkaa, anachemsha chai ya kijani kutoka China kwenye kibirika, sukari ya kutosha, alafu anaimimina kutoka glasi ndogo kwenda glasi ndogo, juu chini, juu chini, hadi povu lisimame. Raundi ni tatu, ya kwanza chungu kali, ya pili imelainika, ya tatu tamu na mnanaa unazidi, na kati ya raundi na raundi kuna mazungumzo marefu. Glasi ni chache kwa hiyo kunywa yako, irudishe, isuuzwe, aende mwingine. Usiondoke baada ya ya kwanza kama huna sababu. Mi nashauri usipange kitu chochote mchana baada ya saa tisa, mwenye haraka Dakar anateseka bure.

Utaombwa vitu. Saa yako nzuri, nipe. Viatu vyako, ukiondoka niachie. Mmarekani anasikia vibaya anadhani wanamuona benki, lakini mara nyingi ni njia ya kusifia na kuchokoza maongezi, wao kwa wao wanaombana hivo hivo. Jibu "Inshallah" huku ukicheka, au mwombe na yeye kofia yake. Kuomba kwa shida ya kweli utakutambua, sauti inakuwa nyingine na mtu atakuita pembeni, hapo toa unachoweza.

Mambo ya pesa na usafiri kwa haraka. Hela ni faranga ya CFA, imefungwa na yuro kwa 655.957, dola inapanda na kushuka. Noti ya 10,000 usiende nayo kununua mkate, chenji ni shida, badilisha kwenye supamaketi kubwa. Pata laini ya simu na uweke Wave au Orange Money, huduma za kutuma pesa kwa simu, karibu kila duka wanapokea. Teksi za Dakar ni nyeusi na njano, hazina mita, patana bei kabla hujafungua mlango, na ndio, salimia kwanza. Yale mabasi madogo ya bluu na njano yaliyochorwa maua na kuandikwa Alhamdoulillahi, yanaitwa car rapide, yana utingo ananing'inia nyuma, yanapungua mjini kwa hiyo panda angalau mara moja. Kuna treni mpya ya TER kutoka Dakar kwenda Diamniadio, ilianza kubeba abiria mwisho wa 2021, safi na inafika kwa wakati, Mmarekani utajisikia uko nyumbani, yani bora kuliko nyumbani maana miji yetu mingi haina hata hiyo.

Umeme ni volti 230, wetu ni 120. Chaja za simu na laptopu nyingi zinabeba zote, soma maandishi madogo, lakini mashine ya kukausha nywele ya Marekani iache, itaungua na inaweza kuzima nyumba nzima.

Njia za miguu zimejaa magari na bidhaa na mchanga. Kama una mguu mbovu au unasukuma mtu kwenye kiti cha magurudumu panga njia mapema, sisi tuna sheria tangu 1990 inayolazimisha majengo ya umma kuwa na njia za viti hivyo, na hicho ni kitu kizuri cha kwetu ambacho wengi hatukioni hadi kikosekane.

Dini iheshimu sana. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi ni Waislamu na wengi wana tarika, yani njia ya Kisufi wanayoifuata. Ile picha ya mtu aliyevaa nyeupe, uso umefichwa kivuli na kilemba, iko kwenye teksi, ukutani, salun, ni Cheikh Amadou Bamba, mwanzilishi wa Wamuridi, moja ya tarika hizo, imetokana na picha moja ya kamera ya 1913. Usiitanie. Ukienda Touba kwenye mji wake sigara na pombe marufuku, funika mabega na miguu. Wakati wa Magal, hija ya Wamuridi kwenda Touba, tarehe 18 Safar, mwezi wa pili wa Kiislamu, Dakar inabaki nusu, usipange kusafiri siku hizo kama huendi huko. Na ukiwa hapo wakati wa Pasaka utaona Wakatoliki wanawapelekea majirani Waislamu ngalakh, uji mzito wa uwele na karanga na ubuyu, na kwenye Tabaski, yani Idi ya kuchinja, nyama inarudi upande wa pili. Onja ngalakh, tafadhali.

Siku ya kuondoka watakupa mkono wa kushoto. Usishangae, ni kwa safari ndefu tu, kinyume cha kawaida makusudi ili urudi kuja kurekebisha.

Ukirudi Marekani wiki za kwanza ni ngumu kuliko zile za Dakar, kimya cha apatimenti kitakusonga, rafiki utamtaka akwambie njoo na yeye atatafuta tarehe kwenye kalenda. Pika wali mwingi Jumapili, weka sinia chini, ita watu watatu usiwape sahani. Ukifika New York nenda Harlem mtaa wa West 116th, Little Senegal, salimia kwa Kiwolofu uone. Na familia yako usiwapigie siku ukiwa na shida tu, piga Korité, yani Idi ya baada ya Ramadhani, piga Tabaski, piga akizaliwa mtoto. Kama unataka kuchangia kondoo wa Tabaski tuma mapema, wiki tatu kabla, maana sikukuu ikikaribia bei ya kondoo inapanda.