Achia breki kabla tairi halijagusa tuta

Kwa wenye magari mapya ya saluni yaliyo chini, kama hii Toyota Camry ninayoiendesha hapa Kampala: punguza mwendo mapema, na tairi la mbele linapokaribia kabisa kugusa tuta, ondoa mguu kwenye breki, gari lipande lenyewe polepole. Wengi wetu tunapanda tuta huku tumekanyaga breki. Ukikanyaga, uzito wote unakimbilia mbele, springi zinabonyea, na pua inashuka wakati ule ule inapohitaji kuinuka. Gari lenyewe lina kama sentimita 14 tu kutoka chini, kwa hiyo kila sentimita ina thamani. Ukiachia, pua inainuka na bampa linapita salama. Fanya hivyo hivyo tairi la nyuma likishuka. Umbo la gari hili ni zuri mno kulikwaruza kwa jambo dogo kama hili.

Mbinu hii haisaidii ukiwa na watu watano na buti limejaa matoke kutoka Masaka, maana hapo nyuma kumeshalala. Wala haifui dafu kwa yale matuta membamba yaliyochongoka ya mitaani: tumbo ndilo linalokwama, si pua, kwa sababu kati ya tairi la mbele na la nyuma kuna karibu mita 2.8. Hapo pita kimshazari, tairi moja moja, ila tazama vioo kwanza. Bodaboda hupenyeza pande zote mbili.