SOMO: Slaidi zinazoongea, sauti na picha vikienda pamoja

Wakuu, somo la leo ni kutengeneza slaidi zenye maelezo ya sauti ndani yake, mtu akibonyeza mara moja tu picha na maneno viende sambamba hadi mwisho. Natumia PowerPoint kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye kompyuta za shule na ofisi. Mfano wangu ni kipindi cha biolojia: ukuaji wa mbu, toka yai, kiluwiluwi, pupa, hadi mbu kamili.

Msimamo wangu uko wazi: sauti ndiyo bosi, picha inafuata. Wengi hufanya kinyume. Wanapamba slaidi arobaini, kisha ndipo wanaanza kutafuta cha kusema.

Hatua ya 1: Maneno. Andika utakachosema, kila slaidi na aya yake, halafu usome kwa sauti huku saa inatembea. Kusoma kwa macho kutakudanganya. Aya ikizidi dakika moja bila kitu kipya cha kutazama, ikate, slaidi ziwe mbili. Bandika aya hizo kwenye sehemu ya "Notes". Wakati wa kurekodi utaziona wewe, mtazamaji hazioni.

Hatua ya 2: Slaidi. Uwiano wa 16:9 (upana kwa urefu), maandishi makubwa na machache. Usiandike kwenye slaidi yale yale unayoyasema, watu watayasoma wayamalize kabla yako na wataacha kukusikiliza.

Sasa tazama slaidi ya kiluwiluwi, maana hapo ndipo kazi ilipo. Kuna picha mbili. Kiluwiluwi wa Anopheles, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, akipumulia mrija ulio upande wa mkia. Ukizionyesha zote kwa pamoja, mwanafunzi atahangaika na Culex wakati wewe bado unaeleza Anopheles. Kwa hiyo picha ya pili ipe animesheni ya "Appear", ianze kwa kubonyeza. Ukirekodi unasema "lakini huyu wa Culex", unabonyeza hapo hapo kwenye jina, unaendelea "yeye huning'inia". PowerPoint inakumbuka sekunde uliyobonyeza. Vilevile ukitumia kalamu au ile nukta nyekundu ya kuelekezea, mienendo yake inahifadhiwa pamoja na sauti.

Hatua ya 3: Mahali na maiki. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo nyingi kinashinda ofisi yenye sakafu ya vigae, kwa sababu vitambaa humeza mwangwi. Zima feni. Simu iweke kwenye hali ya ndege, siyo mtetemo. Kama bati lenu halina dari na mawingu yametanda, ahirisha. Maiki ya waya ya bei ya kawaida inatosha: iweke shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isiwe usoni kabisa, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kama mlango. Rekodi sentensi moja, isikilize kwa hedifoni, ndipo uanze.

Hatua ya 4: Kurekodi. Matoleo mapya yana kichupo cha "Record". Ya zamani nenda "Slide Show", kisha "Record Slide Show". Zima kamera kama hutaki sura yako ionekane. Itahesabu tatu, mbili, moja. Kila slaidi inapoingia nyamaza sekunde moja, sema yako, nyamaza tena sekunde moja, ndipo uende mbele.

Ukikosea usianze upya kazi nzima! Sauti haihifadhiwi kama mkanda mmoja mrefu. Kila slaidi ina kipande chake. Umekosea slaidi ya saba? Irudie hiyo tu kwa kuchagua kurekodi kuanzia slaidi uliyopo, kisha simamisha kabla hujaingia ya nane, vinginevyo utafuta ya nane iliyokuwa nzuri.

Hatua ya 5: Ukaguzi. Tazama yote mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu. Sauti ikiwa na mkia mrefu wa ukimya, bofya alama ya spika kwenye slaidi, nenda "Playback", kisha "Trim Audio". Ila kupunguza sauti hakupunguzi muda wa slaidi. Muda unaurekebisha mwenyewe kwenye "Transitions", pale penye "After".

Hatua ya 6: Video. "File", "Export", "Create a Video", chagua kutumia muda na maelezo yaliyorekodiwa. Full HD kwa projekta, ndogo zaidi kwa simu. Slaidi ambayo haikurekodiwa itapewa sekunde tano za kawaida, kwa hiyo usishangae ikipita haraka. Usifunge programu mpaka mstari wa chini ya dirisha ujae.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwangu neno la mwanzo la kila slaidi linakatwa. Maiki mbovu?

Maiki haina kosa. PowerPoint hairekodi sauti wakati slaidi moja inabadilika kuwa nyingine. Ukianza kuongea picha ikiwa bado inateleza, hayo maneno yamepotea. Subiri itulie. Na punguza mbwembwe za mpito, nyingi hazina kazi.

Nina sauti ya babu akisimulia historia ya ukoo, dakika ishirini, nimeirekodi kwenye simu. Picha ninazo. Naoanishaje?

Dada, hiyo ni hazina, kwanza tengeneza nakala. Unaweza kuiweka yote kwenye slaidi ya kwanza na kuiamuru iendelee slaidi zote, lakini ukitaka kuanzia katikati haitakufuata. Mimi ningeifungua kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, nikaisikiliza na kubonyeza Ctrl+M kuweka lebo kila anapoingia jambo jipya. Zile lebo zitakuwezesha kutoa mafaili tofauti kwa mkupuo. Kila faili liweke kwenye slaidi yake, lianze lenyewe, na muda wa slaidi uwe urefu wa faili pamoja na sekunde moja. Babu akinyamaza kukumbuka, acha ukimya wake.

Kuna mvumo nyuma ya sauti. Unatoka?

Kwa kiasi. Audacity ina "Noise Reduction": chagua sehemu yenye mvumo peke yake, chukua sampuli, kisha isafishe sauti yote. Ndiyo maana nasema anza na sekunde chache za ukimya. Usiikaze sana, utaongea kama roboti.

Natumia hedifoni za Bluetooth, sauti inachelewa.

Bluetooth huchelewesha, na maiki yake ikiwaka ubora nao hushuka. Tumia waya.

Muziki wa nyuma je?

Kwa somo, siuungi mkono. Kwa harusi sawa, weka "Play in Background" na ushushe sauti yake hadi usikike chini ya msemaji. Wimbo wa mtu una mwenyewe. Kama video utaiweka hadharani, omba ruhusa.

Sina laptopu, nina simu tu.

Inawezekana kwa CapCut au KineMaster, programu za simu za kuhariri video. Laza sauti kwanza kwenye mstari wa muda, kisha ivute kila picha ifike pale neno lake linapoishia.

Nikiituma WhatsApp inakuwa na ukungu.

Itume kama dokumenti, siyo kama video. Haitabanwa.